Picha ya Paja la Mbwa

Miaka ya ruksa, ya biashara huria, ilipoingia Morogoro, tulianza na mitumba, kisha sabuni za kunukia, kisha picha za rangi. Ghafla kila mtaa ukawa na studio yake: chumba kimoja, pazia lililochorwa ndege ya abiria, koti la kuazima limening'inia msumarini, na chanuo lililopita kwenye vichwa vya mji mzima. Ilifika mahali mtu akawa hajafa vizuri kama hakuacha picha ya rangi. Mgonjwa akizidiwa, kabla ya kuitwa shehe au padri, anaitwa mpiga picha.

Mimi nami nilikuwa mpiga picha, ila wateja wangu walikuwa na mikia. Nilikuwa daktari wa mifugo, mchanga bado, kwenye hospitali ya wanyama chini ya milima ya Uluguru, na nilipewa chumba cha eksirei kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Kilikuwa na joto la tanuri. Mama yangu, ambaye bado alikaa kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, aliwatangazia majirani kwamba binti yake ni daktari na anapiga picha pia, nao wakaanza kuniandalia harusi zao nikapige. Nilikuja juu kama moto wa kifuu. Siku hizo nilikuwa mwepesi wa hasira. Hasira hasara, waliniambia, nami nikawajibu kwa hasira.

Mwalimu wangu, daktari mpasuaji aliyerudi kutoka masomoni nchi za baridi, alikuwa na wazimu mmoja tu, mifupa ya mapaja ya mbwa. Wazimu wake ulikuwa na maana. Kuna mbwa ambao pia ya goti huwachomoka, ikateleza upande wa ndani, na mbwa akatembea kwa kuruka ruka, mguu mmoja juu. Dawa yake ni kupasua. Lakini kabla ya kupasua lazima ujue kosa liko wapi. Kama mfupa wa paja umenyooka, unatengeneza njia ya pia ya goti, unakaza nyama, mbwa anapona. Kama mfupa wenyewe umepinda, utakaza mpaka uchoke na pia ya goti itachomoka tena, isipokuwa ukate mfupa na kuuunga upya ukiwa umenyooka. Kukata mfupa tulijua. Vyuma vya kuuunga hatukuwa navyo, na ruksa ilikuwa imeleta kila kitu nchini isipokuwa hivyo.

Kwa hiyo tulipima. Mbwa analazwa chali, miguu ya nyuma inavutwa na kunyooshwa, picha inapigwa kutoka juu. Filamu ikikauka unaiweka mbele ya sanduku la taa, unachora mstari katikati ya mfupa kwa penseli, mwingine unapita chini ya vichwa viwili vya goti, kisha unasoma pembe kati ya mistari hiyo kwa kipimapembe. Kipimapembe changu kilitoka kwenye mkebe wa hisabati wa mtoto wa shule. Pembe ikiwa ya kawaida, mbwa ana bahati. Ikizidi, mwalimu wangu alikuwa akivua miwani na kusema, "Mwambie mwenyewe." Kumwambia mwenyewe ilikuwa kazi yangu.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja kutoka kijiji cha Mlali, juu ya pikapu ya nyanya. Mbwa alikuwa ndani ya tenga, amefungwa kwa kipande cha chandarua, katikati ya matenga mengine yaliyokuwa yanakwenda sokoni. Nilitoka nje kuwapokea, nikabaki nimesimama. Mama alikuwa amevaa doti ya kanga ambayo haijawahi kufuliwa, bado ina gundi ya dukani, na viatu vya mchuchumio anavyotembelea kwa shida. Amejipaka wanja. Mbwa naye ameogeshwa, manyoya yanang'aa mafuta ya nazi kama mtoto anayekwenda kubarizi siku ya Idi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Afisa mifugo wa kule kwetu kanituma. Kasema nimlete mbwa apigwe picha."

"Ni hapa hapa. Karibu."

"Tutasimama wapi?"

"Yeye hasimami, mama. Atalala."

Akamtazama mbwa, kisha akasema, "Haya," kwa ile sauti ya watu wa milimani inayopanda mwisho wa neno kama inauliza. Sikuona ajabu yoyote. Niliona mwanamke wa shamba anayejua kuvaa anapokuja mjini, nikampenda kwa hilo.

Nilipokuwa namchunguza mbwa, mama alinieleza habari zake. Jina la mbwa silitaji, kwa sababu lilikuwa jina la mtu. Mama alikuwa amegombana na jirani yake juu ya mpaka wa shamba, akampa mbwa jina la jirani huyo, na kila jioni alikuwa akisimama mlangoni kuliita kwa sauti, "Njoo ule makombo!" Jirani alikwenda kushtaki kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alicheka mpaka kesi ikafa.

Lakini mbwa mwenyewe alikuwa wa mume wake. Mume alikuwa amefariki, watoto wako Dar es Salaam wanauza mitumba, na shamba la mahindi na mihogo liko juu, mlimani, karibu na msitu. Ngedere mchana, nguruwe usiku. Mama alikuwa akipanda huko peke yake kabla jua halijachomoza, mbwa mbele, yeye nyuma. Watu walimsema, mwanamke wa Kiislamu anaishi na mbwa. Aliwajibu kwamba mbwa wa kulinda shamba ameruhusiwa, na kwamba halali ndani, analala kizingitini, na tangu mzee aondoke ni yeye tu anayeamka akisikia mama anakohoa.

"Sasa tangu masika mguu umemkataa," akasema. "Anapanda mlima kwa mitatu. Akifika juu hawezi tena kumfukuza mtu wala mnyama. Anabweka tu amekaa."

Nililishika goti. Pia ilichomoka chini ya kidole changu, ko, halafu ikarudi. Mbwa hakulia. Alinilamba kifundo cha mkono.

Siku hiyo kabati la dawa halikuwa na dawa ya usingizi. Serikali ilikuwa imeacha kutuletea, na maduka ya watu binafsi ndiyo kwanza yanafunguliwa. Nikaamua kumpiga picha akiwa macho, mimi nimshike miguu, mama amshike kichwa. Nilimvisha mama aproni nzito ya risasi ya kuzuia mionzi. Alijitazama chini, akailainisha kwa viganja.

"Hili ndilo koti la kupigia?"

"Ndilo, mama."

"Zito. La wazungu?"

"La wazungu."

Mbwa alipolazwa chali alikakamaa mwili mzima. Nilivuta miguu, naye akavuta kwake. Mama aliinua uso, akautazama ule mtambo juu yetu bila kutabasamu, shingo wima, kama wazee wanavyokaa kwenye picha za ukutani. Nilicheka moyoni. Nikasema, "Tulieni," nikabonyeza swichi kwa mguu.

Filamu ilipotoka kwenye dawa na kukauka, nilichora mistari yangu, nikaweka kipimapembe. Pembe ilizidi. Nikapima tena, ikazidi vile vile. Mfupa wa paja ulikuwa na tumbo kwa nje, umepinda waziwazi hata bila mistari. Mwalimu wangu alikuja, akatazama, akavua miwani.

"Ana kazi gani huyu mbwa?"

"Analinda shamba. Mlimani."

"Hataweza. Na maumivu yatazidi mwaka hadi mwaka." Akasugua macho. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa na mbwa mzee nyumbani aliyemlisha uji kwa mkono. "Mwambie mwenyewe."

Maana yake ilikuwa moja tu. Tusingeweza kuunga ule mfupa, na mbwa asiyeweza kutembea kule mlimani, kwa mama asiye na mtu wa kumsaidia, angechomwa sindano alale moja kwa moja, asiamke. Nilisimama mbele ya sanduku la taa na sikutaka kutoka. Nilikuwa nimeshawaambia wengi. Safari hii nilisita, na nadhani ni kwa sababu ya yale mafuta ya nazi. Nani anampaka mbwa mafuta ya nazi?

Ndipo kwa kutokutaka kutoka nikaendelea kuitazama filamu, na kwa kuitazama nikaona punje. Nyuma ya goti la mbwa kuna vifupa viwili vidogo kama punje za mahindi. Mbwa akiwa amelala sawasawa, punje hizo zinakaa kila moja upande wake, zimekatwa katikati na ukingo wa mfupa. Mwalimu wangu alikuwa ametufundisha hivyo wiki ya kwanza kabisa. Kwenye filamu yangu punje moja ilikuwa nje yote, na nyingine imezama ndani. Paja lilikuwa limegeuka. Na paja la mbwa, kila daktari wa mifugo anajua, lina upinde wake wa asili, wa mbele kwenda nyuma. Ukiligeuza, upinde ule unajitokeza pembeni. Chukua mundu: utazame kwa ubavu, umepinda, utazame kwa mgongo wake, umenyooka kama rula. Mundu ni ule ule.

Nilimkimbilia mwalimu wangu kwenye korido. Alitazama tena, akatoa mlio mdogo kooni.

"Kakakamaa," akasema.

"Kakakamaa. Na nyonga haikunyooka."

"Filamu zimebaki chache. Moja. Usiiharibu."

Nilikwenda mjini kwa baiskeli ya hospitali, kwenye duka jipya la dawa za mifugo, nikarudi na kichupa cha dawa ya usingizi mfukoni, jasho linanitoka. Mama alikuwa amekaa chini kwenye baraza, viatu amevivua, mbwa ameweka kidevu juu ya ukingo wa tenga. Nilikuwa na haraka na furaha, na mtu mwenye haraka na furaha hasikii anachosema.

"Mama, picha haikutoka vizuri," nikamwambia. "Sasa ngoja nimchome sindano, alale."

Aliweka mkono juu ya tenga.

"Haikutoka?"

"Haikutoka."

"Basi hata picha sitakuwa nayo," akasema, taratibu, kama anajieleza mwenyewe. Kisha akasogea, akakaa karibu na tenga, akamshika mbwa kichwa kwa mikono yake miwili. Akaanza kuzungumza naye kwa Kiluguru. Sikielewi Kiluguru, lakini nilisikia jina la marehemu mume wake likipita, na nilielewa kwamba anamtuma mbwa ampelekee salamu.

Sindano ilikuwa mkononi mwangu tayari. Nikaanza kuyaona yote kwa mpigo: kanga mpya, wanja, mafuta ya nazi, ile shingo wima chini ya mtambo. Mwanamke huyu alikuwa amekuja kupiga picha ya kumbukumbu. Yeye na mbwa wake, pamoja, kabla ya sindano. Afisa mifugo bila shaka alikuwa amemwambia, "Wakampige picha, na ikibidi wamchome sindano," na katika Kiswahili chetu hakuna hata neno moja hapo lililokuwa la uongo. Na mimi nikamalizia: atalala.

Nilikaa chini pale pale sakafuni na koti langu jeupe.

"Mama," nikasema. "Mama, sikiliza. Hafi."

Hakunigeukia. "Usinibembeleze mwanangu. Mimi mtu mzima. Choma tu."

"Hafi! Wallahi hafi!" Mimi Mkristo, na ndilo neno lililonitoka. "Hii sindano ni ya usingizi wa kweli, ataamka. Ile picha si ya ukutani, ni ya mfupa. Tunatazama mfupa wa paja ndani ya nyama, kama umepinda au umenyooka. Haikutoka vizuri kwa sababu alikakamaa. Nataka alegee, nimpige tena."

"Picha ya mfupa."

"Ya mfupa."

"Na mimi sikutoka?"

"Vidole vyako vilitoka, mama. Ukingoni."

Alifikiri. Nilitamani acheke, ningejisikia nafuu. Hakucheka. Alisema, "Na huo mfupa ukiwa umepinda?"

Hapo sikuwa na la kumdanganya. Nilimwambia kwamba ukiwa umepinda kweli, hatuna vifaa, na afisa mifugo hakukosea sana. Ukiwa umenyooka, tutampasua goti na atapona. Sijui bado. Nitajua ndani ya saa moja.

"Basi nitamshika mpaka alale," akasema. "Akiamka akute ni mimi."

Nikachoma. Mbwa alimtazama mama, akapiga miayo, kichwa kikawa kizito juu ya kiganja chake. Mama alipoona ulimi unatoka pembeni ya mdomo alinikamata mkono kwa nguvu. Nikauchukua mkono wake, nikauweka ubavuni mwa mbwa, chini ya kiwiko, mahali moyo unapopiga. Alikaa hivyo, anasikiliza kwa vidole. Baada ya muda akaniambia, "Unakwenda polepole, lakini unakwenda."

Mbwa aliyelala ni mtoto mwema. Nilimlaza chali kwenye mfereji wa mbao, nikanyoosha nyonga mpaka mwisho, nikageuza goti kidogo ndani, kidogo nje, nikaweka vifuko vya mchanga huku na huku. Nilifunga macho na kupapasa, kwa maana vidole vyangu vilikuwa na akili kuliko macho siku hiyo. Kisha nikabonyeza. Nilipoingia chumba cha giza kuiosha ile filamu, niligundua ninasali, na ninasali kwa ajili ya punje mbili.

Zilikaa sawa. Moja kushoto, moja kulia, kila moja imekatwa katikati. Na mfupa ulishuka kutoka nyongani hadi gotini kama njia ya mtu anayejua anakokwenda. Nilichora mistari, nikapima, nikafuta, nikapima tena. Mwalimu wangu alichukua kipimapembe kutoka mkononi mwangu na kupima mwenyewe. Safari hii miwani ilibaki usoni.

"Jumatatu," akasema. "Mwambie asimpe chakula Jumapili jioni."

Nilivyokwenda barazani sikumbuki, nadhani nilikimbia. Mama alikuwa amekaa vile vile, mbwa amerudishwa kando yake juu ya gunia, bado amelala.

"Umenyooka," nikasema. "Mama, mfupa umenyooka! Tutatengeneza goti tu. Atapanda mlima."

"Kwa minne?"

"Kwa minne."

Alisema Alhamdulillahi, kidogo kidogo, mara nyingi. Baadaye sikio la mbwa likacheza, jicho moja likafunguka, na mkia ukapiga sakafu, pu, kama mtu anayegonga mlango bila nia ya kuingia. Mama akamwita kwa lile jina la jirani na kumtukana, akamwambia mlevi mkubwa, amelala mchana kweupe kwenye nyumba ya watu. Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Aliomba maji na udongo msafi ajitwaharishe, maana mbwa alikuwa amemlamba mikono yote, nikamletea kwenye beseni, nikammiminia.

Alipokuwa anajifuta mikono alisimama ghafla, kitambaa mkononi.

"Sasa lile shimo?"

"Shimo gani, mama?"

"Si nimemchimbia." Alisema kwa aibu kidogo. "Jana. Nyuma ya nyumba. Nilisema nisije nikamrudisha ndani ya tenga halafu ndiyo nianze kuhangaika na jembe. Nikachimba mapema." Alimtazama mbwa, aliyekuwa anajaribu kusimama na kukaa tena. "Nilivyoanza tu, huyu akaja. Na mguu wake huo juu. Alidhani tunamtafuta panya buku, wale wanaokula mihogo. Akaanza kuchimba na yeye. Namwambia toka, hatoki. Udongo wote ananitupia usoni, mkia juu, kafurahi! Muda mrefu sijamwona kafurahi vile. Basi nikamwacha. Tukachimba wote wawili mpaka likatosha."

Machozi yalinitoka mbele ya mgonjwa, mbele ya mwenye mgonjwa, mbele ya dereva wa pikapu aliyekuwa amekuja kuuliza kama tenga liko tayari. Mama alinitazama kwa mshangao, kisha akanifuta uso kwa ncha ya ile kanga mpya.

"Sasa unalia nini, dokta?" akasema. "Nitapanda mgomba."